Barua ya Karani: Toka Muscat Hadi Mitole ni Saa Ngapi?



Juma hili nina deni la kulipa, nami nalilipa mbele yenu nyote, maana nadhani wengi wenu mwaweza kuingia katika deni kama hili pasipo kujua. Deni lenyewe ni jibu nililolitoa kwa haraka, nikiwa na simu mkononi na watu wamenizunguka. Niliulizwa Muscat ni mbali gani. Nikajibu kwa hesabu isiyo na kosa hata moja, na watu wakapotea kwa jibu langu.

Habari ni hii. Mzee mmoja wa kigango chetu alifariki siku ya Jumanne, alfajiri. Aliacha mjane, watoto wa kiume wawili walioko hapa nyumbani, na binti mmoja aliyeko Muscat, huko Oman, akifanya kazi katika nyumba ya watu. Saa 12 asubuhi kaka yake alimpigia simu akampa habari. Binti alilia, akasema, "Nisubirini, nakuja." Simu ikakatika.

Saa 2 asubuhi nikaitwa. Nilikuta wazee wameketi chini ya mwembe, na baba mdogo wa wafiwa akaniuliza, "Mwalimu, wewe ndiwe mwenye kusoma. Hebu tutazamie, toka huko aliko mtoto mpaka huku ni saa ngapi kwa eropleni?" Nikafungua simu, nikaandika majina ya viwanja viwili vya ndege, cha Muscat na cha Dar es Salaam. Jibu likaja mara moja: kilomita 3,970 hivi, saa 5 na nusu.

Nikawasomea. Wazee wakashangaa, maana wao huitaja Oman kama nchi ya mwisho wa bahari. Mmoja akasema, "Kumbe ni karibu kuliko Dodoma kwa basi!" Nami nikaongeza hesabu yangu: "Akipanda leo, jioni yuko Dar es Salaam. Kesho mchana yuko hapa." Basi ikaamuliwa palepale kwamba maziko yatakuwa kesho yake, Jumatano, saa 10 alasiri. Mtu akatumwa kumwarifu padre.

Mwajua desturi ya huku kwetu pwani. Jirani zetu Waislamu humzika maiti wao upesi, mara nyingi siku ile ile, nasi Wakristo tulio wachache kati yao tumeizoea desturi hiyo, tena joto letu halina subira. Kumweka marehemu ndani mpaka siku ya pili ni jambo zito. Lakini wote walikubali kwa ajili ya binti, kwa kuwa mwalimu alisema saa 5 na nusu.

Jumatano ikafika. Saa 6 mchana hayupo. Saa 8 hayupo. Padre alikwisha kuja, kaburi lilikwisha chimbwa, na akina mama walikuwa wamechoka kuimba. Simu ya binti haikupatikana. Saa 10 ikapita, saa 11 ikapita. Jua lilipokuwa linaanguka, mjane alitoka mwenyewe ndani akasema, "Mzikeni mume wangu. Nimekaa naye siku mbili namwambia mtoto anakuja. Sina neno jingine la kumwambia." Tukazika kwa taa.

Binti alifika Ijumaa saa 8 mchana.

Sasa, wasomaji wapenzi, nataka tuitazame hesabu hii pamoja, polepole, kama tuko darasani. Nilipokuwa chuo cha ualimu tulifundishwa namna ya kuwafundisha watoto hesabu za mwendo, umbali na wakati. Mwazikumbuka: garimoshi latoka mji fulani, laenda kilomita kadhaa kwa saa, litafika lini mji wa pili? Katika hesabu hizo garimoshi huwa limekwisha kuwasha moto, na abiria amekwisha kuketi. Hakuna anayeuliza abiria alitoka wapi kufika stesheni, wala kama alipata tiketi. Nami Jumanne ile nilifanya hesabu ya darasani mahali palipokuwa na maiti.

Tuanze na umbali. Zile kilomita 3,970 zapimwaje? Chukueni mpira wa dunia ulioko shuleni, mshike uzi, mwisho mmoja juu ya Dar es Salaam na mwisho wa pili juu ya Muscat, kisha mwukaze. Njia ya uzi uliokazwa ndiyo njia fupi kupita zote. Uzi huo utapita juu ya bahari mbele ya Kenya, utaikata Somalia, utavuka Ghuba ya Aden na kuingia Arabuni. Huo ndio umbali unaoandikwa katika simu. Ni umbali wa uzi, usiojua barabara wala mpaka. Hata hapa kwetu twaweza kuuona: toka Dar es Salaam hadi Kilwa Masoko kwa uzi ni kama kilomita 230, lakini basi hukimbia zaidi ya kilomita 300, kwa sababu barabara hufuata nchi na daraja lilipo.

Ndege nayo haifuati uzi kamili. Hupita katika njia za angani zilizowekwa, na huzunguka pale palipokatazwa. Ikiwa juu kabisa hukimbia kama kilomita 850 kwa saa au zaidi kidogo. Mkigawanya 3,970 kwa 850 mtapata saa 4 na dakika 40. Mbona basi huandikwa saa 5 na nusu? Kwa sababu ndege haianzi kwa mbio hizo. Hujivuta polepole toka mlangoni hadi penye njia ya kurukia, hungoja zamu, hupanda, na mwisho hushuka kidogo kidogo na kujivuta tena mpaka mlango wa pili. Hayo yote huongeza karibu saa nzima.

Tena kuna upepo. Wazee wetu wa Kilwa walilijua hilo kabla ya ndege kuwako. Jahazi zilizotoka Arabuni zilishuka kwa kaskazi, zikarudi kwa kusi, na safari ya Muscat mpaka pwani hii ilichukua majuma matatu au manne, pengine zaidi. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 alikuja kwa pepo hizo hizo. Aliyekosa kusi alikaa miezi kungoja nyingine, wala hakuna aliyeuliza Oman ni maili ngapi; watu waliuliza upepo umegeuka au bado. Ndege za leo hazingoji upepo, lakini zausikia. Tarehe 28 Oktoba 1928 hakuna aliyewaza jambo kama hili, lakini tarehe hiyo hiyo mwaka 2018 Kenya ilianza kupeleka ndege toka Nairobi hadi New York pasipo kutua njiani, kilomita 11,840 hivi. Kwenda iliwekewa saa 15, na kurudi saa 14. Njia ni ile ile, ila juu sana katika nchi za kaskazini upepo mkali huvuma toka magharibi kwenda mashariki, basi anayerudi Afrika husukumwa mgongoni na anayekwenda Marekani hupigwa usoni.

Mwaona kwamba hata zile saa za angani si kitu kimoja kilichokazwa kwa msumari. Lakini nataka kusema wazi: kosa langu halikutoka angani. Angani ndege ilifanya yote iliyoahidi. Siku ile ya Ijumaa jioni, baada ya binti kurudi kaburini, niliketi naye na mama yake nikamwomba anieleze safari yake saa kwa saa. Niliiandika, nayo ndiyo hii. Saa zote nimezigeuza kuwa za kwetu, maana Muscat wametutangulia kwa saa 1.

Habari alipewa Jumanne saa 12 asubuhi. Mwenye nyumba anakofanya kazi alikuwa amesafiri, na pasi yake ilikuwa imefungiwa kabatini. Ilimpasa kungoja mpaka arudi, ampe ruhusa na ile pasi. Hayo yalimaliza siku ya Jumanne. Jumatano asubuhi alikwenda kutafuta tiketi. Ndege ya kuja moja kwa moja ilikuwa imejaa, na iliyofuata haikuwa ya siku ile. Akapata ya kupitia Dubai, ya usiku. Kiwanjani walimtaka afike saa 3 kabla ya kuruka. Ndege ikaondoka Muscat Jumatano saa 3 usiku kwa saa za kwetu. Yaani saa ile tulipokuwa tumekwisha kumzika baba yake na watu wanakunywa uji, yeye ndipo anaacha nchi. Toka alipopata habari zilikuwa zimepita saa 39, na alikuwa hajaruka hata kidogo.

Muscat hadi Dubai ni saa 1. Hapo aliketi juu ya kiti saa 11 kungoja ndege ya pili. Sasa tazameni ajabu ya uzi: toka Dubai hadi Dar es Salaam ni karibu sawasawa na toka Muscat hadi Dar es Salaam, kilomita 3,980 hivi. Kwa hiyo kupita Dubai hakukumkaribisha nyumbani hata hatua moja. Kulimpa mahali pa kungojea tu. Aliondoka Dubai Alhamisi asubuhi, akaruka saa 5 na nusu, akatua Dar es Salaam saa 8 na nusu mchana.

Hapo ndipo mimi nilipodhani safari imekwisha. Lakini kulikuwa na foleni ya kugonga mihuri, na kungoja mzigo, na njia ya kutoka kiwanjani mpaka Mbagala katika magari ya jioni. Alipofika Mbagala mabasi ya kusini yalikuwa yamekwisha ondoka, kwa kuwa mengi huondoka asubuhi. Akalala kwa ndugu. Ijumaa saa 12 asubuhi akapanda basi, saa 6 mchana akateremka Nangurukuru, akangoja, akapata bodaboda, na saa 8 akaingia uani kwao. Toka Dar es Salaam hadi nyumbani, pamoja na usiku wa Mbagala, ni saa 23 na nusu.

Jumlisheni: 39, na 1, na 11, na 5 na nusu, na 23 na nusu. Ni saa 80. Katika saa 80 hizo, zilizokuwa za angani ni 6 na nusu. Katika kila saa 12 za safari yake, saa 1 tu alikuwa juu ya mawingu. Nyingine zote alikuwa chini, mbele ya mlango wa mtu, au dirisha la tiketi, au kandokando ya barabara. Nami niliwapa wazee ile saa 1 nikawaambia ndiyo safari.

Mambo haya si mapya. Wazee wa Lindi waliokuwako wakati ule waliziona ndege za kutua majini. Toka mwaka 1937 ndege za shirika la Imperial Airways zilitoka Southampton, Uingereza, zikafuata mto Nili, zikatua Kisumu ziwani, zikashuka pwani kwa Mombasa na Dar es Salaam, zikatua Lindi, kisha zikaendelea kwa Msumbiji mpaka Durban, Afrika ya Kusini. Safari nzima ilichukua siku kadhaa, maana usiku abiria walilala nchi kavu. Tarehe 2 Mei 1952 ndege ya kwanza ya jeti ya kubeba abiria, iliyoitwa Comet, ilitoka London ikapitia Entebbe ikafika Johannesburg kwa muda usiotimia saa 24. Hivyo katika miaka 15 safari ya siku nyingi ilikuwa siku moja. Lakini mtu wa Mitole aliyetaka kuipanda ile ndege Entebbe angetembea kwa miguu mpaka barabarani kama babu yake. Anga limefupizwa mara nyingi sana tangu siku hizo. Nchi kavu yafupizwa kwa shida.

Tena nchi kavu yaweza kurefuka. Daraja la Mkapa juu ya Rufiji lilifunguliwa mwaka 2003. Kabla yake mwajua habari za pantoni na watu waliolala ng'ambo. Kipande cha Ndundu hadi Somanga, kilomita 60 tu, kilikaa miaka mingi bila lami, na masika kilimeza magari. Lami ikaja, tukashukuru. Kisha Mei 2024 kikaja Kimbunga Hidaya, mvua ikakata barabara kuu huko Somanga, na watu wakakaa siku kadhaa wakitazama maji. Ndege za nchi za nje ziliendelea kuja na kwenda Dar es Salaam. Kwa siku hizo mtu wa Muscat angefika Dar es Salaam upesi kuliko mtu wa Dar es Salaam angefika Nangurukuru.

Basi tufanyeje? Karibu kila kijiji sasa kina mtoto wake mbali: Muscat, Dubai, Johannesburg, wengine Ulaya na Marekani. Na misiba haitaacha kuja. Nimeandika hapa yale niliyojifunza, mkate kipande hiki mkitunze.

Kwanza, mtu asiulize "ndege ni saa ngapi?" Aulize, "Utakanyaga uani kwetu siku gani?" Maswali haya mawili yana majibu mawili mbalimbali, na la pili ndilo linalochimba kaburi.

Pili, hesabuni toka mlango hadi mlango. Ruhusa ya kazini na pasi: siku ngapi? Tiketi: ipo ya leo au ya keshokutwa? Ndege ni ya moja kwa moja, au yapitia mji mwingine, na huko atangoja saa ngapi? Kiwanjani saa 3 kabla. Kutoka kiwanjani Dar es Salaam saa 1 na nusu au 2. Atatua saa ngapi, na je, basi la kusini litakuwako bado? Akitua baada ya adhuhuri, mwandikieni usiku mmoja wa kulala. Na masika mwandikieni siku nzima ya barabara. Jumla mtakayopata itawashtua, lakini ndiyo ya kweli.

Tatu, jihadharini na saa zilizoandikwa katika tiketi. Tiketi hufuata saa za kizungu, tena kila mji kwa saa zake. Tuseme imeandikwa kuondoka Muscat 09:00 na kufika Dar es Salaam 13:30. Mtu wa kwetu atasoma "saa 9" akadhani ni alasiri, kumbe ni saa 3 asubuhi. Akisha kulirekebisha hilo atatoa 9 katika 13 na nusu, apate saa 4 na nusu, aseme safari imefupishwa. Haikufupishwa. Ni saa 5 na nusu, ila saa ya Dar es Salaam iko nyuma ya ya Muscat kwa 1. Akirudi, hesabu hiyo itampa saa 6 na nusu, naye atadhani ndege ilichelewa. Nimemjua mtu aliyekwenda kumpokea ndugu yake jioni, na ndugu ametua asubuhi, akamkuta amelala juu ya mzigo wake.

Nne, na hili ni la wazee wenye kuamua. Mkisha kupata siku ya kweli, chagueni kwa macho yaliyo wazi. Kama mtamsubiri aliye mbali, mpelekeni marehemu hospitali penye chumba cha maiti, na mwambieni mjane siku yenyewe, asikae akihesabu kila bodaboda inayopita. Kama hamwezi kusubiri, zikeni upesi, na mwambieni aliye mbali palepale, kabla hajanunua tiketi kwa fedha za kukopa, kwamba hatalikuta jeneza, na Misa ya kumwombea baba yake itangoja mpaka atakapofika. Yote mawili ni ya heshima. Lililo baya ni lile la katikati, tulilolifanya sisi kwa ushauri wangu: kusubiri siku isiyokuwako.

Maana mjue kilichotokea nyumba ile. Binti alipofika alisimama mlangoni, akamtazama kaka yake, akasema, "Mliniambia mwanisubiri." Kaka akajibu, "Tulikusubiri mpaka giza. Wewe ulikuwa wapi?" Kila mmoja alikuwa na haki yake. Yeye alidhani wamemnyima baba. Wao walidhani amekawia njiani kwa uzembe. Kwa siku mbili hawakula sahani moja. Watu wa mama mmoja, kwa sababu ya jibu la saa 5 na nusu.

Ndiyo sababu nilikwenda kuketi nao, nikawaonyesha karatasi yangu yenye zile saa 80, na nikasema mbele ya baba mdogo na mjane kwamba aliyekosa ni mimi. Nilisema mimi ndiye niliyeahidi Jumatano, siyo binti, wala kaka hakumdanganya mtu. Kaka aliisoma karatasi mara mbili. Alipofika pale penye saa 11 za Dubai aliuliza, "Ulikula nini huko?" Dada yake akasema, "Chai." Kaka akainuka akaenda kumletea chakula mwenyewe, naye si mtu wa kuingia jikoni.

Nilipokuwa naaga, binti alinisindikiza mpaka njiani. Nilimwomba radhi tena. Akaniambia, "Kaka karani, sina neno nawe. Lakini mimi nilijua toka Jumanne asubuhi kwamba sitafika kabla ya Alhamisi usiku au Ijumaa. Nilijua pasi iko wapi, nilijua ndege huwa zajaa, nilijua na basi la Mbagala. Simu ilipokatika nilipiga tena mara tatu, haikupita. Baadaye mliponipata mliniambia tu kwamba maziko ni Jumatano, nami nikadhani wazee wameamua. Hakuna aliyeniuliza."

Hilo ndilo neno lililonirudisha nyumbani kichwa chini. Tulikuwa na simu mbili siku ile chini ya mwembe. Moja ilijua umbali wa Muscat. Nyingine ilikuwa na namba ya mtu aliyeko Muscat. Sisi tukauliza ile ya kwanza.

Katika daftari la parokia la waliofariki, mahali pa tarehe ya maziko, nimeandika Jumatano kama ilivyo haki. Misa ya kumwombea marehemu ilisomwa Jumapili iliyofuata, na binti alikuwapo, ameketi kati ya mama yake na kaka yake. Siku kumi baadaye akarudi kazini kwake. Safari hii tulihesabu pamoja, toka mlango wa mama yake hadi mlango wa Muscat, na tukapata siku 2 na nusu. Alipofika alipiga simu. Tulikuwa tumekosea kwa saa 1 tu, nayo ni ile saa yao iliyotutangulia.

Haya, wasomaji wapenzi, tuonane juma lijalo, Mungu akipenda. Mwenye mtoto mbali na ampigie simu leo, amwulize njia ya kurudi nyumbani ina milango mingapi.

Ndimi karani wenu, Mitole.